Kufunga redio mpya kwenye gari lenye JBL au Bose ya kiwandani

Harrier, Prado, Legacy, Murano: magari mengi ya Japani yanayotembea Kampala yalitoka kiwandani na spika za jina. Ukifungua mlango unaona JBL, Bose au McIntosh kwenye wavu wa spika, na kwenye Lexus mara nyingine Mark Levinson. Spika zenyewe huwa bado nzima. Kinachomchosha mwenye gari ni redio. Inashika FM ya Kijapani, 76 hadi 90 MHz, kwa hiyo Sanyu ya 88.2 na CBS ya 88.8 zinaingia, lakini Capital ya 91.3 na Simba ya 97.3 huzipati. Skrini imejaa Kijapani, na siku betri ikitolewa inadai diski ya ramani iliyobaki hukohuko Japani. Kile kidude cha kushusha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena husaidia kidogo, ila huleta mikwaruzo na kukuonyesha namba zisizo za kweli.

Basi unanunua redio mpya, fundi anaifunga kwa saa moja, na sauti inatoka nyembamba, inakoroma, au inakatika ukipandisha volumu. Mara nyingine haitoki kabisa. Redio haina kosa. Katika mifumo hii sauti haitoki kwenye redio kwenda moja kwa moja kwenye spika. Inapita kwanza kwenye amplifaya iliyofichwa chini ya kiti, nyuma ya kava la ubavuni mwa buti au ndani ya dashibodi, na amplifaya hiyo ndiyo inayogawa besi, sauti za kati na sauti za juu za twita (spika ndogo). Ukijua inataka nini, nusu ya kazi imekwisha.

Pima kabla ya kununua

Usiamini nembo peke yake. Wavu wa mlango unaweza kuwa umetoka kwenye gari lingine pale Kisekka, soko la vipuri, na gari lisilo na nembo laweza kuwa na amplifaya. Soma kwanza sehemu ya “Kabla ya kuchomoa” hapo chini. Kisha chomoa redio ya zamani, weka mita kwenye ohmu, gusanisha ncha zake uone zenyewe zinasoma ngapi (kwa kawaida 0.2 hadi 0.5, utatoa hiyo), kisha pima waya mbili za spika moja kwenye soketi ya redio. Ukipata kati ya ohmu 2 na 8, waya huo unaishia kwenye spika. Ukipata maelfu ya ohmu, au mita isisome kitu, kuna amplifaya katikati.

Huna mita? Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti. Iguse kwenye waya hizo mbili kwa sekunde moja tu. Spika iliyounganishwa moja kwa moja italia “tap”. Ikiwa kimya kwenye milango yote minne, amplifaya ipo.

Kisha fungua mlango mmoja upime spika yenyewe ikiwa imechomolewa. Spika ya ohmu 4 husoma 3.2 hadi 3.8 kwenye mita, ya ohmu 2 husoma chini kidogo ya 2. Spika za Bose mara nyingi ziko chini zaidi, nyingine hazifiki hata ohmu 1. Namba hii ndiyo inayoamua kila kitu, kwa hiyo iandike.

Kwa nini usiruke amplifaya

Redio nyingi za dukani zimetengenezwa kwa spika za ohmu 4 kwenda juu. Kwenye boksi wameandika wati 50 mara 4, lakini angalia fyuzi iliyo nyuma. Fyuzi ya ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144 zinazoingia, karibu nusu yake inapotea kama joto, na zinazobaki ukizigawa kwa nne unapata kama wati 18 kila spika. Hizo ndizo wati zako halisi. Sasa ipe redio hiyo spika ya ohmu 2: mkondo unaongezeka maradufu, chipu ya ndani inachemka, redio inajikata ili isiungue, inapoa, inawaka tena. Ndiyo sababu mtu analalamika kwamba redio inazimika kwenye jamu ya saa nane mchana na asubuhi iko sawa. Kwa Bose ya chini ya ohmu 1 haitavumilia hata wiki.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hulisahau. Kwenye mifumo hii twita mara nyingi ina waya wake peke yake kutoka kwenye amplifaya, bila kapasita. Amplifaya ndiyo inayozuia besi isiifikie. Ukiruka amplifaya na kuunga twita pamoja na spika ya mlango, besi yote inaingia kwenye koili nyembamba kama unywele na twita inakufa siku hiyohiyo. Ikibidi kufanya hivyo, weka kapasita isiyo na upande chanya wala hasi ya mikrofaradi 4.7 kwenye waya chanya wa twita. Kwa twita ya ohmu 4 itaanza kupitisha kwenye kama hezi 8,500.

Kwa hiyo njia ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza kwa magari mengi, ni kuiacha amplifaya ya kiwandani ifanye kazi yake na kuilisha kwa waya za RCA (za plagi za duara, zinazobeba sauti ambayo bado haijakuzwa) za redio mpya kupitia adapta ya gari hilo. Njia ya pili ni kung'oa amplifaya na kuweka mpya ya chaneli nne inayokubali ohmu 2, ukipitisha waya mpya hadi milangoni. Ina maana kama ya zamani imekufa, na kwa spika za Bose utalazimika kubadilisha na spika pia. Njia ya tatu, kutupa kila kitu na kuweka spika za ohmu 4 zinazoendeshwa na redio, ni halali kabisa, ila utakuwa umelipia sauti ndogo kuliko uliyokuwa nayo.

Kuna magari ambayo njia ya kwanza haiwezekani kwa adapta ya kawaida. Baadhi ya Lexus za Mark Levinson na magari mengi ya Ulaya hupeleka sauti kwa waya wa nuru au kwa data, na amplifaya haiamki mpaka ipate amri kwa lugha yake. Hapo unahitaji kisanduku cha kutafsiri kilichotengenezwa kwa modeli na mwaka huo. Usinunue cha kukisia. Kwenye Harrier yenye skrini ya kiwandani, ile skrini huonyesha pia AC. Ukiitoa bila fremu na moduli yake, utabaki unabonyeza joto bila kuona kitu.

Vya kuwa navyo

Redio yenye matundu ya RCA ya mbele, nyuma na sabufa (spika ya besi). Redio yenye RCA mbili tu itakunyima kugawa sauti mbele na nyuma. Adapta ya soketi ya gari lako iliyoandikwa kuwa ni ya mfumo wenye amplifaya, ikiwezekana yenye skrubu ndogo za kurekebisha kiwango. Fremu: redio ya kawaida ya DIN mbili (ile yenye kimo cha redio mbili) ina upana wa kama milimita 178, ilhali nafasi ya Toyota ni milimita 200, kwa hiyo bila vipande vya pembeni utabaki na mianya inayoingiza vumbi. Mita, bisibisi ya nyota, spana namba 10, vijiti vya plastiki vya kubandulia dashibodi, koleo la kubana viungo, mpira wa kunywea kwa joto, tepu ya kitambaa na vifungo vya plastiki. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha redio ya kawaida. Kwa redio ya Android ya inchi 9 au 10 yenye fyuzi ya ampea 15 tumia 2.5.

Bisibisi ya chuma si mbadala wa kijiti cha plastiki. Plastiki ya dashibodi iliyokaa juani miaka kumi na mitano inavunjika, na kava la Harrier la rangi ya mbao si rahisi kulipata.

Kabla ya kuchomoa

Fanya kipimo kimoja redio ya zamani ikiwa bado inafanya kazi. Itoe kwenye tundu lake bila kuchomoa soketi, weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi. Tafuta waya unaosoma 0 redio ikiwa imezimwa na kama 12 ikiwashwa. Utapata mmoja au miwili: mmoja huamsha amplifaya, mwingine ni wa antena. Tia alama ya tepu. Ukichomoa kwanza, utautafuta waya huo kwa saa nzima.

Halafu jiulize kama utataka kuirudisha redio ya zamani. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga umeme ukikatika na kudai diski au kadi yake. Kama huna, kuchomoa betri ni safari ya kwenda tu.

Ukiwa tayari, toa ncha hasi ya betri kwa spana namba 10 na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, maana mifuko ya hewa hubaki na umeme kidogo. Kitufe cha hazadi na taa za onyo zilizo kwenye fremu hiyohiyo zichomoe taratibu, na usiwashe swichi kabla ya kuzirudisha; taa ya SRS (ya mifuko ya hewa) ikiwaka itakupeleka kwa mwenye mashine ya kusoma makosa ya gari.

Rangi za waya na mtego wake

Redio nyingi za dukani hufuata utaratibu mmoja: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ethi (hasi inayofungwa kwenye bodi), bluu yenye mstari mweupe huamsha amplifaya, bluu tupu ni ya antena, rangi ya chungwa yenye mstari mweupe ni ya taa za ndani. Spika ni nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu kwa mbele kulia, kijani kwa nyuma kushoto na zambarau kwa nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ndiyo hasi.

Gari halifuati utaratibu huo. Kwenye Toyota nyingi, soketi ndogo ya pini sita ina waya nyekundu, nyeusi na njano, na zote ni za sauti ya nyuma. Fundi anayeunga njano kwa njano na nyekundu kwa nyekundu anapeleka volti 12 ndani ya amplifaya. Inatoa moshi kidogo, basi. Kwa hiyo usikate soketi ya gari, tumia adapta, na kila waya wa umeme uuthibitishe kwa mita: wa kudumu una volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni, wa swichi unapata volti 12 pale tu ufunguo ukifika ACC, hatua ya kwanza.

Kuunga sauti

Waya za spika za redio mpya (nyeupe, kijivu, kijani, zambarau) hazitumiki katika njia hii. Funika kila ncha peke yake kwa tepu ili zisigusane. Kuna wanaoziunga moja kwa moja kwenye maingilio ya amplifaya kwa sababu “zote ni sauti”. Amplifaya inangoja kama volti 1 au 2. Waya za spika zinaleta mara kadhaa ya hizo, tena kila waya umebeba kama volti 6 za umeme mfululizo dhidi ya bodi. Matokeo ni mkoromo hata volumu ikiwa 5, na mwishowe maingilio yanaungua. Kama redio uliyo nayo haina RCA kabisa, weka katikati kigeuzi cha kushusha sauti ya spika kuwa ya RCA.

Chomeka RCA ya mbele, ya nyuma na ya sabufa kwenye adapta. Waya wa bluu wenye mstari mweupe uunge kwenye ule uliotia alama ya tepu. Waya huo wa redio hubeba mkondo mdogo, kwa kawaida kama miliampea 300. Kama unataka uamshe amplifaya, antena na kamera kwa pamoja, weka relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Usiamshe amplifaya kwa waya mwekundu wa swichi. Itawaka kabla ya redio na kila asubuhi utasikia “bup” milangoni.

Amplifaya nyingi za kiwandani, hasa Bose, hupokea sauti kwa waya mbili ambazo zote ni hai, yaani hasi yake siyo ethi. RCA kwa upande wake imefunga hasi kwenye bodi ya redio. Zikikutana bila kitu cha kuzitenganisha unapata mluzi unaopanda na kushuka na kasi ya injini. Adapta nzuri ina kitenganishi ndani. Kama yako haina, chomeka kitenganishi cha RCA katikati. Na ethi ya redio iende kwenye skrubu ya chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo kwenye ethi ya kiberiti cha gari.

Kuna gari ambalo amplifaya yake hutengeneza yenyewe sauti ya spika ya katikati na ya sabufa kutokana na chaneli za mbele na nyuma, na kuna gari linalotaka waya wa pekee kwa sabufa. Kama besi imepotea baada ya kufunga, hapo ndipo pa kutazama kwanza: waya wa sabufa kwenye soketi ya gari haujapata RCA yake.

Jaribu dashibodi ikiwa bado wazi

Rudisha betri, washa. Zima “loudness” (kitufe cha kuongeza besi) na weka besi na sauti za juu (treble) kwenye 0, kwa sababu amplifaya ya kiwandani tayari imepangwa kwa mlango wa gari hilo. Cheza wimbo safi, siyo wa redio. Peleka volumu hadi robo tatu, yaani 30 kama mwisho ni 40, kisha pandisha skrubu za adapta mpaka sauti ianze kuchafuka na urudishe nyuma kidogo. Redio yenye RCA ya volti 4 bila skrubu hizi itakuwa kali mno kwenye volumu 8, na kila hatua ya kitufe itaruka.

Sogeza sauti kushoto tu, kulia tu, mbele tu, nyuma tu. Kila upande ujibu mahali pake. Sauti ikiwa imejaa kila upande lakini besi haina nguvu, kuna jozi moja ambayo chanya na hasi zimebadilishana; spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinauana.

Sasa FM. Redio hukuuliza eneo. Ukichagua Japani unarudi palepale kwenye 90. Ukichagua Marekani, itaruka kwa hatua za 0.2 kuanzia 87.9, yaani 88.1, 88.3, kwa hiyo 91.3 utaipata vizuri lakini 88.2 na 88.8 hutazisimamia kamwe. Chagua Ulaya. Kama stesheni ni hafifu hata katikati ya mji, antena ya kwenye kioo ina kikuza mawimbi chake kinachotaka volti 12 kutoka waya wa bluu. Bila umeme huo utasikia Kampala kidogo, na kabla ya Mpigi ni upepo tu.

Vitufe vya usukani vya Toyota nyingi hufanya kazi kwa ukinzani: kwenye michoro ni SW1, SW2 na SWG. Unga kwenye waya za KEY1, KEY2 na ethi za redio, ingia kwenye menyu ya kujifunza, bonyeza kila kitufe mara moja.

Kamera ya rivasi ya kiwandani ya Toyota hutumia volti 6. Waya wa kamera wa redio mpya hutoa 12. Weka kipunguza volti kati yake, la sivyo picha ya kwanza itakuwa ya mwisho.

Kufunga kwa barabara zetu

Barabara za vumbi na mashimo hulegeza kila kitu ambacho hakikubanwa. Funga skrubu zote nne za pembeni, siyo mbili. Funika soketi kwa tepu ya kitambaa ili zisigongegonge plastiki, zifunge kwa vifungo, na usizisukume juu ya bati la kupozea lililo nyuma ya redio. Viungo vya kusokotwa kwa mkono na kufunikwa kwa selotepu vitaachia ndani ya miezi michache. Bana kwa koleo au lehemu, kisha mpira wa joto. Adapta na kitenganishi vifungwe mahali pake, visining'inie.

Mwisho pima umeme unaoliwa gari likiwa limelala. Toa ncha hasi ya betri, weka mita kwenye ampea kati ya ncha na betri, funga milango, subiri kama nusu saa bila kuwasha swichi, maana mkondo wa kuwasha utaunguza fyuzi ya mita. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Redio za Android zilizowekwa kwenye usingizi badala ya kuzimika hufika miliampea mia kadhaa. Kwa miliampea 500 ni ampea-saa 12 kila siku, na betri ya ampea-saa 45 haitamaliza siku nne uwanjani. Ukikuta hivyo, ingia kwenye menyu uizime kabisa ufunguo ukitolewa. Kama bado inakula, chomoa waya wa bluu wenye mstari mweupe upime tena: mkondo ukishuka, ni amplifaya iliyobaki macho kwa sababu waya huo una umeme hata redio ikiwa imezimwa.